Hatua Themanini na Mbili

6 Machi 1995

Mdogo wangu Twiga,

Pokea salamu zangu, na za mama yako aliyesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha nimeandika kwamba hajambo. Hajambo. Anakula, anagomba, na juzi aliwafukuza wageni wangu kwa kuwaambia chumba hiki kina watu wawili na hewa ya mmoja.

Mguu niliokuchongea unaendeleaje? Nilikuambia utakubana wiki sita za mwanzo. Ukikubana zaidi ya hapo usijifanye askari kwangu, niandikie nijue pa kukwangua. Nilikupima kama ninavyompima mgonjwa yeyote wa karakana hii ya hospitali: umekanyaga beseni la unga wa chaki, umetembea juu ya ile sakafu nyeusi mara tatu, nami nimepiga magoti na futi yangu kupima unyayo hadi unyayo. Kadi yako imo sandukuni pamoja na za wenzako. Kwangu hakuna mdogo wangu wala mkubwa, kuna kadi.

Sasa nisikilize. Tangu mkataba wa amani utiwe saini, Mama hana habari nyingine ila kurudi nyumbani. Redio imesema vita vimekwisha, na redio ikisema, Mama husikia anachotaka. Amefunga mzigo wake mara mbili, nimeufungua mara mbili. Anataka kujua jambo moja, nami pia: ile njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu, pale kwenye pampu ya maji, inapitika? Kikosi chako kilikaa pale mwaka mzima, na mimi sijafika tangu nije mjini kujifunza kazi. Niandikie ndiyo au siyo. Inatosha.

Kaka yako,
Fundi

* * *

19 Machi 1995

Kaka Fundi,

Shikamoo. Na Mama umfikishie yake, tena umwambie nimeipiga kwa sauti mpaka mlinzi wa lango akaitikia.

Hapa kambini tuko mia tatu na ushee, na tukihesabu miguu hatufiki mia tano. Wanasema majina yanapitiwa, halafu tutaachiliwa kwa makundi. Mpaka sasa kundi lililoachiliwa ni la mbuzi wa mpishi. Mguu wako ni mzuri, sina la kulalamika. Ila akili yangu haijapata habari. Nikilala nakimbia na yote miwili, nikiamka nachungulia chini ya kitanda kutafuta kiatu cha pili.

Unamkumbuka Babu alivyokuwa akisimulia vita vyake, vile vya kwanza, alivyokuwa mpagazi? Alisema siku vilipokwisha walikuwa njiani na mizigo kichwani, akaja mzungu na filimbi, akasema tueni. Wakatua. Sanduku la risasi likabaki pale njiani, yeye akageuka akatembea miezi minne kurudi kwao. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi isiyo na utamu. Siku hizi naiwaza sana.

Kuhusu Mama, mwambie asubiri. Nyumba yenyewe haina paa. Mvua zikatike kwanza, tutaona. Njia imeota majani mengi, hiyo ndiyo shida, na majani yana nyoka, na yeye macho yake si ya jana. Asiende tu.

Mdogo wako,
Twiga

* * *

2 Aprili 1995

Twiga,

Barua yako ina maneno mengi, na wewe ukiwa na maneno mengi huwa umevunja kitu. Ndivyo ulivyokuwa tangu ulipovunja taa ya Baba ukatueleza nusu saa habari za paka.

Jumanne ameletwa hapa mtoto wa miaka tisa. Ni binti wa yule Mshonaji jirani yetu, aliyekuwa akikushonea kaptula na kulalamika kwamba kitambaa hakitoshi. Walirudi nyumbani wiki tatu zilizopita kwa sababu na wao wana redio. Kuku wao alivuka kwenda upande wa nyumba yetu, mtoto akamfuata. Kuku yuko hai. Mtoto amepoteza mguu wa kushoto chini ya goti.

Nilikwenda kwenye rafu zangu kutafuta unyayo wa mbao wa kumfaa. Hukuwahi kuniuliza habari za zile rafu tatu, leo nitakuambia. Rafu ya juu ni ya mzee aliyefungua karakana hii baada ya vita vya kina Babu. Nyayo zote ni za wanaume, namba arobaini na moja hadi arobaini na nne, zimejipanga kama gwaride, maana vita wakati ule vilikuwa mahali, na waliokwenda mahali hapo walikuwa wanaume. Rafu ya kati ni ya wakati wa Baba. Nyingi bado za kiume, lakini humo nimekuta namba thelathini na saba, thelathini na nane. Hao ni wanawake wa sokoni na bandarini, waliofuatwa na ndege walipo. Rafu ya chini ni yangu mimi, miaka ishirini. Nina nyayo za thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tano, na za kiume nimezikusanya kwenye kona kwa sababu siku hizi zinaombwa kwa nadra. Thelathini na moja sikuwa nayo. Nimekaa siku mbili nachonga, na kila nikipiga patasi nilikuwa nakuona wewe.

Nakuuliza mara ya mwisho. Nani aliyetega mabomu pale nyumbani? Mama ameacha kunisikiliza. Amepatana na yule Mfyatua Matofali aliyekuja naye mjini, wanaondoka mwisho wa mwezi huu nitake nisitake. Kama unajua njia, sema. Kama hujui, sema hujui, nimfungie mlango na anilaani.

Fundi

* * *

15 Aprili 1995

Kaka,

Ni mimi.

Nimekaa na karatasi hii siku nne na hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Nilitega arobaini na mbili kuizunguka pampu, kwa siku mbili, mvua ikinyesha, ofisa akinipigia kelele kwamba wenzetu wameshafika mtoni. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya eneo. Nilimwambia ofisa ile ni nyumba ya mama yangu. Akasema basi unaifahamu vizuri.

Baba aliendesha lori katika vita vya pili na alisema hakuwahi kumwona adui, alisikia ndege tu, akaruka mtaroni. Mimi nilimwonea huruma kwa hilo. Mimi nilitega nikaondoka, nikala, nikalala, nikapandishwa cheo. Mtoto wa Mshonaji alikuwa na miaka sita wakati ule, sikumwona, hakuniona. Nimempiga nikiwa nimelala hapa kambini, na vita vimekwisha, na mimi mwenyewe mguu umechukuliwa na bomu la mtu mwingine ambaye pengine naye analala mahali. Sijui nitamwomba nani radhi, Kaka, na hata nikijua, radhi ya nini kwa mtoto wa miaka tisa.

Nilichonacho ni hiki. Niliacha njia moja safi, ya sisi wenyewe kuingilia na kutokea. Ramani ilibaki kwa ofisa, na ofisa alikufa nayo, lakini ninayo kichwani. Utepe wa kupimia ulipotea matopeni, nikahesabu kwa hatua. Iko hivi. Barabarani kuna nguzo ya simu, moja tu, ya chuma. Unaiegemea kwa mgongo, unaelekea tangi la maji la pampu moja kwa moja. Hatua sitini. Hapo unasimama, unageuka kulia mpaka uuone mlango wa jikoni, unakwenda hatua ishirini na mbili, umefika kizingitini. Upana ni wa mtu mmoja. Vigingi nilivyoweka kwenye kona vitakuwa vimeoza au vimeokotwa kuni.

Hatua ni zangu, na hatua zangu unazijua, umezipima mwenyewe, ziko kwenye kadi. Mama asitembee kwa hatua zake hata kidogo. Mkatie kitu cha kufuata.

Afadhali asiende kabisa. Lakini namjua.

Twiga

* * *

27 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Sikukujibu mara moja kwa sababu nilikuwa na maneno ambayo mtu akishamwandikia ndugu yake hayafutiki. Nimeyachana. Yaliyobaki ni haya: umesema kweli, ingawa umechelewa, na nimeifanyia kazi.

Nimetoa kadi yako. Hatua yako ni sentimita sitini na mbili. Nimenunua kamba ngumu ya katani, nikaipima juu ya sakafu yangu nyeusi. Hatua sitini ni meta thelathini na saba na sentimita ishirini. Hapo nimefunga kitambaa chekundu. Hatua ishirini na mbili ni meta kumi na tatu na sentimita sitini na nne. Hapo nimefunga cheupe. Nimeipima mara tatu, na mara ya tatu nimempa mlinzi wa hospitali ashike upande wa pili ili isilegee. Hiyo nguzo mimi siijui, ilisimikwa nimeshahama, lakini tangi nalikumbuka na mlango wa jikoni naukumbuka vizuri kwa jinsi tulivyokuwa tukifukuzwa pale. Nimeuliza pia wale wategua mabomu waliofungua ofisi mjini. Wamenionyesha orodha. Eneo letu litafikiwa mwaka kesho kutwa.

Mama ameondoka jana na Mfyatua Matofali. Nilimkalisha nikamweleza: kamba ifungwe kwenye nguzo, mwingine abaki barabarani, atembee juu ya kamba kama anavyotembea juu ya neno lake. Aliishika kamba, akaivuta mkononi, akaitazama muda mrefu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Wewe ndiye fundi."

Mwanangu, nakuita hivyo maana nimekulea, jana kwa mara ya kwanza nimelala usingizi.

Kaka yako,
Fundi

* * *

8 Mei 1995

KAKA MZUIE MAMA.

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Nimempa dereva wa lori la unga barua hii mkononi na saa yangu ya mkono, akuletee mpaka mlangoni. Simu ya ofisi ya kambi imekatika. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, nimeomba tena, nimepigwa.

Sitini na mbili ni hatua ya mguu ulionitengenezea wewe. Mimi nilitega nikiwa na miguu miwili. Nilikuwa nakwenda kwa hatua za Twiga, Kaka, zile mlizonipa jina kwa ajili yake, tena nikikimbizwa na mvua. Sijui zilikuwa ngapi. Ya gwaride ilikuwa sabini na tano, lakini siku ile sikwenda gwaride. Labda tisini. Labda zaidi. Kitambaa chako chekundu kiko meta kumi na tano na zaidi kabla ya kona, na pale kulia hakuna njia.

Ni mimi niliyekuandikia utumie kadi. Wewe umefuata nilichoandika. Nilipokuwa nahesabu kichwani nilijiona natembea na nilikuwa mzima.

Ikiwa hajafika, mkimbilie. Kaka, kimbia.

Twiga

* * *

3 Juni 1995

Twiga mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Elimu ya watu wazima haikupotea bure, na mkono haujakatika.

Mguu ndio umekatika. Wa kulia, chini ya goti. Nilifika kwenye kitambaa chekundu, nikageuka, nikaenda hatua sita za kwangu. Mfyatua Matofali, ambaye majani yalimzuia kuona nilipokanyaga, alinivuta kwa kamba ileile mpaka barabarani. Mwambie Mungu amweke, maana mimi sina zawadi ya kumpa. Sasa niko hapa hospitalini kwa kaka yako, ubavuni mwa yule binti wa Mshonaji. Tunagombana juu ya dirisha. Yeye anataka lifungwe.

Barua yako ililetwa na dereva wakati Fundi yuko karakana. Alinikuta mimi kitandani, akauliza huyu ni wa nyumba ya Fundi, nikasema ndiyo. Nimeisoma. Nimeichana nikaila, nusu kwa kutania na nusu kweli, maana pipa la taka liko mbali nami sina mguu wa kulifikia.

Sikiliza kwa makini. Kaka yako nimemwambia nilitoka nje ya kamba. Nimemwambia niliona mti wangu wa limau bado umesimama, nikausogelea. Alinisuta mpaka akalia, akaniita mkaidi, nikakubali. Kamba yake anaamini ilikuwa sawa. Na wewe utamwachia aamini hivyo. Unamjua. Siku akijua kwamba yeye kwa futi yake ndiye aliyemkata mama yake mguu, hatashika futi tena maisha yake yote. Na asubuhi hii, kwenye benchi la nje ya karakana, wamekaa watu kumi na mmoja wanamsubiri. Saba wana nywele za kusukwa na kamasi puani. Mimi nimeshaishi, mwanangu. Hao hawajaanza.

Na mimi nina langu pia, ambalo sijamwambia mtu. Nilipoishika ile kamba siku ile niliona ni fupi. Wewe nilikuwa nakufuata kisimani kila siku, nikakusuta kwa kuniacha nyuma. Hatua yako moja ilikuwa zangu mbili kamili. Moyo uliniambia hii siyo. Nikajiambia mimi nani, nimekwenda shule ya jioni miezi minane, na huyu ni fundi wa hospitali.

Usimwandikie neno. Ni amri ya mama yako.

Mama

* * *

16 Julai 1995

Mdogo wangu Twiga,

Umenyamaza mno. Najua umepata habari za Mama, aliniambia amekuandikia. Usijiumize. Ramani yako haikuwa na kosa. Aliuona mlimau wake, akaiacha kamba kama anavyoacha kila ushauri. Nilimkasirikia wiki nzima, kisha nikaona hasira hainifai kitu wala haimwoteshei mguu.

Leo amesimama kwa mara ya kwanza. Nimemchongea mwenyewe, namba thelathini na saba, mbao laini kuliko zote nilizonazo. Nilimkanyagisha chaki, nikamtembeza. Ilibidi nipige magoti kumpima kama wengine, naye akaniambia niamke, suruali itachafuka. Hatua yake ni sentimita arobaini na moja. Nimeiandika kwenye kadi yake, nikatoka nje nikakaa kidogo.

Lakini nina habari njema, na nimeziweka mwisho ili zikuondolee uchungu. Watu wa kwetu wameanza kurudi kwa wingi na pampu ndiyo maji pekee. Wamesikia kwamba Fundi ana njia. Basi nimekata kamba nyingine nne kwa kipimo kilekile, na vitambaa vyekundu na vyeupe. Moja nimempa Mfyatua Matofali, moja mwalimu, moja mkunga, na ya nne atakuja kuichukua Mshonaji, anataka kurudi kuvuna kilichobaki kabla binti yake hajatoka hospitalini. Wote wataondoka baada ya siku kumi, kumi na tano. Hesabu yako imekuwa na faida kwa watu, Twiga. Nilitaka ulijue hilo.

Nilipotaka kumweleza Mama habari za kamba alikuwa usingizini kwa dawa. Nitamweleza akiamka vizuri, najua atafurahi.

Kaka yako,
Fundi

* * *

25 Julai 1995

Kaka,

Mama amekudanganya na mimi nimemsaidia kwa kunyamaza. Hakuona mlimau. Aligeuka kwenye kitambaa chekundu kama ulivyomwambia. Kadi yako ina hatua ya mguu wa bandia, na mimi nilitega nikiwa na yote miwili. Nilikuandikia mwezi wa tano, barua ikamfikia yeye, akaila.

Wanyang'anye kamba zote nne. Zichome.

Mama aliogopa utaacha kazi. Kaka, nakuomba kitu ambacho sina haki ya kukuomba. Usiache. Lia ukitaka, nitukane, nitukane mpaka uchoke, halafu urudi karakana.

Mimi sisubiri majina tena. Leo lori la unga linatoka na mimi nimo chini ya magunia. Siendi kwenu mjini, nakwenda kwenye nguzo. Atakayefika na kamba yako atanikuta.

Twiga

* * *

9 Agosti 1995

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe, mgongo umeegemea nguzo ya simu. Ni ya chuma kama alivyosema.

Nilipopata barua ya Twiga niliondoka bila kukuaga kwa sababu sikujua nitakutazamaje. Bado sijui. Umenidanganya, nimekuelewa, na nimekasirika, yote matatu kwa pamoja. Laiti ningekuuliza mara ya pili siku ile ya kamba ulikuwa unatazama nini. Lakini nilikuwa na kadi, na mtu mwenye kadi haulizi.

Mwalimu na mkunga nimewakuta mjini, kamba zao nimezichoma. Mfyatua Matofali na Mshonaji walikuwa wameshaondoka. Nimesafiri siku tatu nikiwa kama mtu aliyekunywa. Nilipofika hapa niliwakuta wote wawili wamekaa kando ya barabara, na Twiga amelala amekingama njiani, mguu niliomchongea ameuvua ameusimamisha pembeni ili watu wauone. Alikuwa hapo kwa siku sita. Kamba zao alizichukua. Mshonaji alipomuuliza amejuaje kwamba si salama, alimwambia, "Mimi ndiye niliyetega." Mama, alimpiga kwa mikono yote miwili mpaka akachoka, na Twiga hakuinua mkono. Sasa Mshonaji anamletea maji. Hasemi naye, analeta tu kikombe, anakiweka, anaondoka.

Tulitaka kukata kamba ya kweli. Nilidhani ni jambo dogo, kupata hatua yake ya zamani basi. Nimemtembeza barabarani na magongo, bila magongo, nimemshika kwapa akaruka. Anatoka sitini na tano, sabini na mbili, hamsini. Haipo. Ndipo akaniambia ulichomwandikia, kwamba yake moja ilikuwa yako mbili kamili. Nilifurahi dakika nzima. Nikatoa kadi yako mfukoni, nikakumbuka ina nini. Sikuwahi kukupima ulipokuwa mzima. Nimeishi nawe chumba kimoja miaka mitatu, futi ikiwa mfukoni mwangu, na sikuwahi kukupima.

Kwa hiyo ramani anayo, na haina kosa, sitini na ishirini na mbili. Hatua zenyewe ndizo hakuna mtu duniani mwenye kuzirudisha, si yeye si wewe. Na wategua wamesema tena mwaka kesho kutwa, na watu wanazidi kuja na ndoo.

Twiga ameanza leo asubuhi. Analala kifudifudi na kisu, anachokoa ardhi mbele yake kwa ubapa, shubiri kwa shubiri, kuelekea tangi. Mimi nashika kamba iliyofungwa kiunoni mwake, nimeambiwa nisiseme naye. Hadi mchana huu amekwenda shubiri kumi na tisa na ametoa bomu moja. Ameomba nikuandikie kwamba mlimau ulikufa zamani, hata kisiki hakuna, kwa hiyo siku nyingine ukitaka kudanganya chagua kitu kilichopo.

Mguu wa binti wa Mshonaji uko tayari juu ya benchi, umefunikwa kitambaa cha buluu. Mvalishe wewe, unajua sasa unavyovaliwa. Ufunguo uko palepale. Wanaosubiri waambie nitarudi kazini, nami sisemi hivyo kukutuliza.

Kabla Twiga hajaingia kwenye majani nilimwita. Nilimwambia aweke mikono juu ya jiwe hili, vidole vimetanuliwa, nikatoa futi. Shubiri ya mkono wa kulia ni sentimita ishirini na nne. Ya kushoto ni ishirini na tatu na nusu. Akauliza za nini, na sisi hatuna haja ya kujua ni meta ngapi. Nimeziandika kwenye kadi yake, zote mbili, na tarehe ya leo.

Mwanao,
Fundi